Mwaka wa Neema katika Ufipa

Apitaye mtaa wa Majengo, mjini Sumbawanga, katika nchi ya Ufipa kusini-magharibi mwa Tanzania, baada ya mavuno mema, aghalabu husikia watu wakisema kwamba mwaka huu ni wa neema. Na neno hilo, ambalo asili yake ni Kiarabu na maana yake ni kipaji cha Mwenyezi Mungu kwa waja wake, lilienea bara pamoja na Kiswahili, lugha ya misafara ya pwani, kisha likatiwa nguvu na sala za Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki waliokabidhiwa kituo cha Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885.

Lakini neema yenyewe ilitangulia neno. Wafipa, wakaao katika uwanda wa juu usio na miti mingi, hawakuweza kuchoma misitu ili majivu yarutubishe ardhi, kama wafanyavyo jirani zao Wabemba. Basi walifukia majani ndani ya matuta ya mviringo yaitwayo intumba, yakaoza, na ardhi ikawapa ulezi na maharage. Zaidi ya hayo, waliyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo, wakafuma na nguo za pamba.

Mkoa wa Rukwa, uliojumuisha Ufipa, ulipokwisha kuundwa mwaka 1974, bei moja ya mahindi iliyowekwa na serikali kwa nchi nzima iliwafaa wakulima walio mbali na masoko, hata Rukwa ikahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma miongoni mwa maghala ya taifa.

Kwa hiyo, ewe msomaji, tunaposhukuru kwa neema, tuwashukuru pia wakulima, na tuihifadhi ardhi waliyoirutubisha kwa jasho lao.