Ufuo wa Kilwa na Ilmu ya Athari

Waarabu huiita akiolojia ilmu al-athar, na sisi Waswahili neno hilo tumelichukua kwa maana ya alama inayobaki baada ya jambo kupita. Ufuo wa Kilwa Kisiwani umejaa athari za namna hiyo. Maji yakitoka huonekana vigae, shanga na fulusi za shaba zilizoporomoka kutoka kwenye kingo zinazoliwa na bahari.

Kitab al-Sulwa fi Akhbar Kulwa, ambacho nuskha yake iliyonakiliwa Zanzibar mwaka 1877 imo katika Maktaba ya Taifa ya Uingereza, London, hueleza kuwa kisiwa kilinunuliwa kwa nguo. Kisha hufuata masultani, mmoja baada ya mwingine. Aliyefua chuma na aliyesokota pamba hawatajwi. Hao wamo udongoni.

Neville Chittick, aliyechimba huko miaka ya 1960, alikuta tabaka za chini, za karne ya 9 hivi, hazina majengo ya mawe. Palikuwa na nyumba za miti na udongo, mavi ya chuma, na makombe yaliyochongwa kuwa shanga. Juu yake vikaja vigae vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, vya kusokotea nyuzi. Ukingo uliokatwa na mawimbi husomwa kutoka chini kwenda juu, kinyume cha kitabu, na kila tabaka ni matumizi mapya ya ardhi ile ile.

Ndiyo maana kitu kikitoka mahali pake hunyamaza. Mwaka 1944 askari wa anga wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota fulusi tano za Kilwa kwenye ufuo wa kisiwa cha Marchinbar, kaskazini ya nchi ile. Zimeandikiwa hadithi nyingi za mabaharia (nyingine tamu mno), lakini zilifikaje, hakuna awezaye kuthibitisha. Linganisha na Mtambwe Mkuu, Pemba. Mwaka 1984 zilipatikana huko sarafu za fedha zaidi ya 2,000, nyingine zenye jina la Ali bin al-Hasan, pamoja na dinari za Kifatimi za karne ya 11. Chittick alikuwa amemweka sultani huyo mwishoni mwa karne ya 12. Kwa ushahidi wa dinari zile, Mark Horton na wenzake wakamrudisha nyuma zaidi ya miaka mia.

Magofu ya Kilwa na Songo Mnara yaliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakatiwa katika orodha ya hatari mwaka 2004, yakatolewa 2014 baada ya matengenezo. Kazi hiyo ni njema. Hofu yetu ni kwamba ukuta ukianguka kila mtu huona, ila tabaka la mavi ya chuma likichukuliwa na maji hakuna anayelia. Hapa Nechells, Birmingham, tunakoandikia, hakuna bahari. Lakini matofali kando ya mfereji uliofunguliwa 1789 huhesabiwa kuwa historia. Shanga za Kilwa zina umri wa mara nne zaidi.

Tungependa kila baada ya masika ukingo ule upimwe, upigwe picha na kuandikwa kabla vitu havijaokotwa, na vijana wa Kilwa wenyewe wafundishwe kazi hiyo. Kamba ya kupimia, daftari na simu yenye kamera vyatosha kuanzia.