Maneno ya nani, lahani ya nani: namna wawili wanavyotunga wimbo

Huku Rhamu, Kaunti ya Mandera, ambako ukivuka mto Daua uko Ethiopia, wimbo hutajwa kwa wenyewe watatu. Yuko mwenye maneno, yuko mwenye laxan, na yuko mwenye sauti. Hiyo laxan ndiyo lahani yetu sisi watu wa pwani, neno moja la Kiarabu lililosafiri kwa njia mbili. Wazee wa hapa wakisifu wimbo wa zamani wa Kisomali, hawaishii kwa mwimbaji. Watakwambia na nani aliyeutungia maneno, na mara nyingi huyo ndiye anayeheshimiwa zaidi.

Mfano ulio maarufu ni Mohamed Ibrahim Warsame, aliyejulikana kwa jina la Hadraawi, mshairi aliyefariki mwaka 2022. Maneno ya wimbo "Beledweyn" ni yake, lakini sauti inayojulikana na kila mtu ni ya Hasan Adan Samatar. Kabla yao, katika miaka ya 1940, dereva wa lori aitwaye Abdi Sinimo aliupa mtindo wa balwo umbo lake, nyimbo fupi za mapenzi. Kisha akaja Abdullahi Qarshe na udi wake. Qarshe, anayeitwa baba wa muziki wa Kisomali, alizaliwa Moshi, Tanganyika. Msomaji wa pwani anayedhani mambo haya ni ya mbali na alijue hilo.

Na kwetu Mombasa je? Juma Bhalo, aliyefariki 2014, aliimba mashairi mengi ya jamaa yake Ahmad Nassir Juma Bhalo, yule mwenye diwani ya Malenga wa Mvita iliyotoka mwaka 1971. Shairi lilikuja kwanza, limekamilika vina na mizani, ndipo likatafutiwa sauti, na mara nyingi sauti hizo zilitoka kwenye filamu za Kihindi. Wako wanaolicheka jambo hilo. Mimi naliona kuwa ni ufundi: kuchukua lahani iliyotungiwa lugha nyingine na kuivika mizani ya Kimvita bila neno kukatika mahali pasipofaa si kazi ya mchezo.

Kwa hivyo kundi la watu wawili si jambo lililoletwa na redio za FM. Kilichogeuka ni mpangilio wa kazi. Siku hizi biti hutangulia. Prodyuza anaunda mdundo, wawili wanausikiliza, mmoja anaguna sauti isiyo na maneno hadi apate kipande kinachonata, na mwenzake anatafuta neno la kukaa hapo. Mara nyingi kiitikio hupatikana kabla ya beti. Neno likiwa zuri, hubeba wimbo wote. Gidi Gidi Maji Maji, yaani Joseph Ogidi na Julius Owino, walichukua neno la Kijaluo lenye maana ya kutisha, wakalifunga kiambishi cha Kiingereza mbele na kingine nyuma, likawa "Unbwogable". Hiyo ilikuwa 2002, na kabla mwaka haujaisha neno hilo lilikuwa kinywani mwa kila mtu kwenye kampeni za NARC, hata wasiojua Kijaluo.

Jambo la kutazama wawili wanapoungana ni tofauti zao. Wawili wenye sauti moja ni mtu mmoja anayelipwa mara mbili. Radio na Weasel wa Uganda walianza wakiwa waitikiaji wa Jose Chameleone, kisha wakajitenga na kuunda Goodlyfe. Radio alikuwa na sauti laini ya kuimba, Weasel akaja na ile nzito ya kiraga, na msikilizaji akipumzika kwa mmoja anaamshwa na wa pili. Navy Kenzo wa Tanzania wamegawana kwa namna nyingine: Aika anaimba, na Nahreel anaimba na kuunda biti pia, kwa hivyo fundi wa mdundo yumo ndani ya kundi. Hilo huwapunguzia gharama na ugomvi.

Nafundisha Kiswahili, na vijana wawili wa hapa Rhamu wameniletea wimbo wao uliorekodiwa kwa simu. Mmoja ni wa maneno, mwenzake ni wa lahani. Walikwama mahali ambapo sikupatarajia. Shairi la Kisomali halifungwi kwa vina vya mwisho kama letu. Hufungwa kwa herufi: ukianza na d, kila mstari lazima uwe na neno linaloanza kwa d, tangu mwanzo hadi mwisho wa shairi. Nao walitaka kuchanganya lugha mbili. Mwenye maneno alijaribu kufuata sheria zote mbili kwa pamoja, na Kiswahili chake kikawa cha kulazimishwa, kama mtu anayetembea na kiatu cha mwenzake. Mwenye lahani ndiye aliyepata ufumbuzi. Alisema beti ziwe za Kisomali kwa herufi moja, kiitikio kiwe cha Kiswahili chenye vina, na hapo pa kubadilisha lugha mdundo unyamaze kwa pigo moja. Wimbo ukasimama.

Sasa mwambie nani ameutunga wimbo huo. Hapo ndipo penye hatari, maana wawili wengi hawaachani kwa kukosa nyimbo. Huachana siku wimbo unapoanza kuleta pesa, hata zile kidogo za mlio wa simu wa Skiza. Mwenye maneno anasema bila yeye ni kelele tupu. Mwenzake anamjibu kwamba bila lahani ni karatasi.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Kazi ikiwa ya wawili kwa pamoja, hesabu huanzia kwa yule anayekufa mwisho. Lakini kazi ya pamoja kisheria ni ile ambayo mchango wa kila mmoja hauwezi kutenganishwa na wa mwenzake. Maneno na lahani huweza kutenganishwa, kama tulivyoona kwa Hadraawi na kwa Ahmad Nassir. Kwa hivyo "tulitunga pamoja" ni kauli ya urafiki, na haitoshi mbele ya wakili.

Dawa yake ni daftari. Kila wimbo uandikwe tarehe, nani alileta maneno, nani lahani, na mgawanyo wa mapato kwa asilimia, kisha wote watie sahihi siku hiyohiyo kabla wimbo haujatoka. Nusu kwa nusu ni sawa ikiwa ndivyo mlivyokubaliana, hata kama mmoja alileta mstari mmoja tu. Mimi naupendelea mgawanyo huo, kwa sababu unamwondolea kila mtu tamaa ya kulazimisha mstari wake uingie. Jina la kundi nalo liandikwe litabaki na nani mmoja akitoka. Prodyuza aliyeunda biti aulizwe mapema kama amelipwa akamaliza au ana fungu lake, maana wengi husahauliwa hapo na hurudi baadaye na rafiki zao.

Tena waandike na la mauti, ingawa vijana hawapendi kulitaja. Radio alifariki Februari 1, 2018, siku chache baada ya kupigwa kwenye baa huko Entebbe, na nyimbo za wawili zikabaki na mmoja. Fungu la aliyekufa ni la warithi wake. Mwenzake aliyebaki jukwaani akiimba nyimbo hizo anapaswa kujua ni kiasi gani, na anampelekea nani.