Simba wawili wa Mtaa wa Banda na namba 896

Semista imetubana kama nguo ya mtumba iliyofuliwa kwa maji moto, lakini leo nimepata upenyo. Mwalimu wetu wa historia ya miji alitutaka tuchague jengo moja la Nairobi tuandike historia yake "kuanzia ndani". Yaani tusihangaike na nani alichora ramani na nguzo ni ngapi, bali nani aliruhusiwa kuingia, alikaa wapi, alifanya nini humo. Wenzangu karibu wote wakakimbilia KICC na stesheni ya reli. Mimi nikachukua Maktaba ya McMillan, pale Mtaa wa Banda, jirani na Msikiti wa Jamia. Insha yenyewe nimeshaikabidhi, sasa nawamwagia hapa, pamoja na yale ambayo hayakutosha kwenye kurasa kumi.

Kisa kilichonivuta ni ukarabati. Mnamo 2017 kina dada wawili, Angela Wachuka (aliyekuwa akiongoza Kwani Trust) na mwandishi Wanjiru Koinange, walianzisha shirika la Book Bunk, na mwaka uliofuata wakaingia mkataba na Kaunti ya Nairobi wafufue maktaba tatu: McMillan yenyewe na matawi yake mawili, la Kaloleni na la Eastlands kule Makadara. Ukisikia "kukarabati maktaba" unawaza rangi, viti vipya na labda intaneti. Nami niliwaza hivyo hivyo. Kumbe ukishafungua mlango wa jengo kama lile, rangi ni jambo la mwisho kabisa.

Tuanze na mwenye jina. William Northrup McMillan alikuwa tajiri wa Kimarekani, mzaliwa wa St. Louis, mtu wa mwili mkubwa ajabu. Alikuja huku mwanzoni mwa karne ya 20, akajikatia shamba kubwa kule Juja, akampokea hapo Theodore Roosevelt mwaka 1909 katika ile safari yake ya kuwinda. Baadaye Mwingereza akampa cheo cha "Sir". Wenzetu wa Chiromo, msicheke sana: hapo mnapokatia vyura ndipo palipokuwa na makao yake ya mjini. Alifariki 1925 na kaburi lake liko Ol Donyo Sabuk, pamoja na mkewe Lucie, mtumishi wao Louise Decker, na mbwa! Inasimuliwa kwamba walitaka kumzika kileleni ila jeneza lilikuwa zito mno, wakaishia njiani.

Lucie ndiye aliyejenga maktaba kwa ukumbusho wa mumewe, akisaidiwa na fedha za Carnegie za kule New York. Ilifunguliwa 1931. Nguzo kubwa mbele, ngazi pana, simba wawili wa mawe wamelala kama askari waliochoka zamu. Mwaka huo huo Karen Blixen alifilisika na shamba lake la kahawa akarudi kwao Denmark, na sehemu ya fanicha zake ilinunuliwa na huyu huyu Lady McMillan. Kwa hiyo mnaona, ndani ya maktaba ile palikuwa kama sebule ya masetla. Mpaka viti vilikuwa vya kwao.

Na sebule ina mwenyewe. Hadi 1958 mlango ule ulikuwa wa Wazungu pekee. Sio Mwafrika tu, hata Mhindi tajiri mwenye maduka nusu ya barabara hakuruhusiwa. Ni mwaka 1962, uhuru ukibisha hodi, ndipo Halmashauri ya Jiji ilipoichukua ikawa ya umma kweli kweli. Miaka 31 jengo la vitabu linakaa katikati ya mji, na watu wengi wa mji huo wanaliona kwa nje tu.

Marehemu babu yangu alikuwa tarishi wa ofisi moja mjini miaka ya 50. Alikuwa akitusimulia kwamba bosi wake alimtuma mara nyingi kurudisha vitabu McMillan. Anavibeba kwenye mkoba, anapanda zile ngazi, anavikabidhi mlangoni, anageuka. Babu alijua kusoma vizuri sana, mwanafunzi wa misheni. Alikuwa akisoma njiani! Anasema kitabu kimoja alikimaliza kwa safari za kwenda na kurudi, kwa sababu bosi alikuwa anakiazima tena na tena bila kukimaliza yeye mwenyewe. Tulikuwa tunacheka sana hapo. Siku hizi nikikumbuka sicheki sana.

Sasa kuna jambo lililonifanya nisimamishe kalamu. Hazina kubwa ya McMillan, kwa sisi watu wa historia, ni magazeti ya zamani yaliyojalidiwa, hasa East African Standard. Gazeti lile lilianzishwa na nani? A. M. Jeevanjee, Mhindi, yule yule mwenye bustani ya Jeevanjee pale Moi Avenue. Alilianzisha Mombasa mwanzoni mwa karne ya 20 likiitwa African Standard, akaliuza 1905. Fikiria: gazeti liliingia ndani likakaa rafuni kwa heshima, lakini mtu wa rangi ya mwanzilishi wake alibaki kwenye ngazi na simba. Nimeliandika hili kwenye insha na mwalimu ameweka tiki mbili pembeni, nikajisikia mfalme.

Haya, turudi kwenye ukarabati. Kitu nilichokipenda kwa Book Bunk ni kwamba hawakuanza na jengo kuu lenye sifa. Walianza na matawi, kule watu wanakoishi. Kaloleni ni mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika, na una historia yake nzito ya siasa. Halafu waliwauliza watu wenyewe: nyinyi mnataka nini humu ndani? Swali dogo hilo, lakini ukilijua jengo lilikotoka utaona ni mapinduzi. Mwaka 1931 hakuna aliyemuuliza babu za watu wanataka nini.

Kazi ya ndani ya maktaba ina utaratibu wake, na haifanani na kukarabati duka. Kwanza ni kuhesabu. Huwezi kugusa ukuta kabla hujajua una nini, maana kitabu kikihamishwa bila kuandikwa kimepotea, hata kama kipo kwenye boksi pale pale chumbani. Kisha maadui: unyevu kutoka juu, mchwa kutoka chini, vumbi kutoka kila upande. Magazeti ndiyo wagonjwa mahututi. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa massa ya mbao ya bei rahisi, ina asidi ndani yake, kwa hiyo inajila yenyewe taratibu. Inageuka njano, kisha hudhurungi, kisha ukifunua inavunjika kama kashata. Mwanga wa jua huharakisha. Ndiyo maana dirisha kubwa la kupendeza linalompa msomaji mwanga ndilo hilo hilo linaloua anachosoma. Mwenye kukarabati anachagua: mtu au karatasi? Jibu la siku hizi ni kupiga picha kila ukurasa na kuuhifadhi kwenye kompyuta, kisha gazeti lenyewe lipumzike gizani. Ni kazi ya miaka, siyo ya wiki mbili na mafundi watatu.

Wenye pesa nao hawaponi. Maktaba ya Umma ya New York, Mei 2014, ua moja la plasta lilianguka usiku kutoka kwenye dari ya ukumbi mkubwa wa kusomea, futi 52 juu. Hakuumia mtu. Ukumbi ukafungwa hadi Oktoba 2016, maua yote 900 yakafungiwa nyaya za chuma, kwa jumla ya dola milioni 12 hivi. Mwezi ule ule wa Mei ndipo maktaba hiyo ilipoachana na mpango wake mwingine mkubwa zaidi, wa kung'oa rafu zote zilizo chini ya ukumbi huo ili papatikane nafasi ya wasomaji na kompyuta, huku vitabu vingi vikipelekwa New Jersey. Wasomi walipiga kelele, wakaenda hadi mahakamani. Dari ilipoanguka hakuna aliyebishana kwamba lazima itengenezwe. Rafu ndizo zilizogombanisha watu. Nani akae karibu, kitabu au mtu?

Na hapo ndipo naingia kwenye namba 896.

Mnajua zile namba kwenye migongo ya vitabu? Ni mpangilio wa Melvil Dewey, Mmarekani, wa mwaka 1876. Elimu yote ya dunia aliigawa mafungu kumi. Tazama fungu la 200, la dini: kuanzia 220 hadi 280 na kitu ni Ukristo mtupu. Uislamu, Uhindu, Ubudha, dini zote nyingine za ulimwengu, zimesukumwa kwenye 290. Msikiti wa Jamia uko hatua chache kutoka mlangoni, ila ndani ya maktaba umepewa upenu. Fungu la 800, la fasihi: Wamarekani 810, Waingereza 820, Wajerumani 830, Wafaransa 840... ukifika 890 ni "wengineo", na humo ndani, 896, ndimo tulimo Afrika nzima. Kiswahili ni 896.392. Shaaban Robert yuko baada ya nukta!

Huyu Dewey mwenyewe alikuwa na klabu yake ya mapumziko iliyowakataza Wayahudi na watu weusi, na mwaka 2019 chama cha wakutubi cha Marekani kiliondoa jina lake kwenye tuzo yao kubwa. Kwa hiyo unaweza kubandua rangi yote ya 1931, ukaweka taa mpya na viti vya kisasa, na bado mtoto wa Kaloleni akaingia akitafuta hadithi za kwao akaelekezwa kona ya mwisho. Suala hili la namba limejadiliwa na kina Wachuka na Koinange wenyewe; liko hata kwenye filamu yao, How to Build a Library, ya Maia Lekow na Christopher King, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Sundance Januari 2025. Wanaosema kubadilisha namba ni kupoteza muda nawaelewa: maktaba nyingi duniani zinazungumza lugha ile, ukijitenga utatafutwa usipatikane. Lakini mimi naona kuna njia ya katikati. Namba ibaki kwenye mgongo, rafu ihamishwe. Hakuna sheria inayosema 896 lazima ikae nyuma ya 820. Weka 896 mlangoni!

Na vitu vya masetla je? Hapa mimi na mwenzangu wa chumbani tulibishana mpaka saa saba usiku. Yeye anasema picha za McMillan na vitabu vya uwindaji vichomwe au viuzwe, nafasi ipatikane. Mimi nakataa kabisa. Ukivitoa vyote, miaka hamsini ijayo mtu ataingia kwenye chumba kizuri cheupe na hatajua kwamba babu yake alikatazwa kuingia humo. Ushahidi ni wetu zaidi kuliko wa kwao. Visiachwe tu pale juu vikitutazama kama wenye nyumba. Viwekwe na maelezo, mwaka na sheria iliyokuwepo. Jengo lenyewe lina sheria yake ya tangu 1938, kwa hiyo hata ukitaka kulivuruga hovyo huwezi.

Mwaka 2023 Mfalme Charles wa Uingereza alipozuru Kenya, alipelekwa kuona maktaba ya Eastlands. Sio McMillan yenye nguzo na simba. Sijui nani aliyepanga ratiba, lakini mkono wake niupe. Aliingia maktaba ya mtaani, mwenyeji akiwa mtu wa Makadara na mgeni akiwa yeye.

Mwenzangu bado hajakubali hoja yangu ya vitabu vya uwindaji. Mkinikuta kwenye foleni ya mesi niambieni nyinyi mngevipeleka wapi, na hiyo 896 mngeiweka rafu gani.