Nani Anaamua Gugu ni Lipi? Wageni, Bustani za Pamoja na Haki ya Kubaki

Mwezi Juni, katika bustani za pamoja za kusini mwa Marekani, kuna mmea unaojiotea wenyewe katikati ya nyanya na pilipili hoho. Mkulima mwenyeji akiuona huung'oa na kuutupa nje ya uzio. Mama aliyetoka Burundi au Kivu Kusini akiuona huinama, huchuma vichwa vyake laini na kuvifunga kwenye kitenge. Kwake huo ni mchicha pori, na mboga ya jioni imepatikana.

Chuki ya mwenyeji ina msingi. Ndugu mmoja wa mchicha huo, Amaranthus palmeri, ni gugu linalowanyima usingizi wakulima wa pamba na soya. Mmea jike mmoja huweza kutoa mbegu laki kadhaa, na ni katika jimbo la Georgia ambako mwaka 2005 ilithibitishwa kwamba umejenga usugu dhidi ya glaifosati, dawa ya magugu inayotumika kuliko nyingine yoyote nchini humo. Majimbo kadhaa yameuweka kwenye orodha ya magugu yanayopigwa vita kisheria. Jirani anayeona vichwa vya mchicha vikikomaa upande wa pili wa kamba ana haki ya kuwa na wasiwasi, kwa kuwa mbegu hazitambui mpaka. Lakini mama naye ana haki yake. Amekula mboga hiyo tangu utotoni, anajua lini achume na lini ang'oe, na pengine anaijua kuliko bwana shamba aliyeandika orodha.

Ugomvi wa namna hii huonekana mdogo, wa kumalizwa kwa tabasamu na kipeperushi cha kanuni. Makala haya yanadai kwamba hapo ndipo penye kiini cha suala zima. Mgeni anayejiunga na jumuiya ya wapanda bustani hawi mwenzao kwa kufundishwa kulima, maana mara nyingi analijua jembe kuliko wanaomfundisha. Huwa mwenzao anapokuwa na sauti katika kuamua lipi ni zao na lipi ni gugu, na anapokuwa na uhakika kwamba ardhi anayoihudumia haitachukuliwa msimu ujao. Yote mawili ni mambo ya madaraka kabla ya kuwa mambo ya ukarimu.

Maandishi mengi kuhusu bustani za wakimbizi hayaendi huko. Yanapenda kuzungumzia uponyaji: mtu aliyepitia vita anashika udongo, moyo unatulia, anapata marafiki. Hakuna anayepinga kwamba hayo hutokea. Tatizo ni kwamba lugha ya tiba humgeuza mkulima kuwa mgonjwa, na mgonjwa haulizwi maoni yake kuhusu mkataba wa pango.

Mfano wa Wabantu wa Somalia unafaa kuchunguzwa kwa karibu, hasa na msomaji wa Kiswahili, kwa sababu historia yao imeanzia kwetu. Wengi wao ni wazao wa watu waliochukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka maeneo ambayo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi. Waliotoroka au kuachiwa huru walijikusanya kando ya Mto Juba, na miongoni mwao wako ambao hadi leo wanazungumza Kizigua. Walilima mahindi, ufuta, kunde na maboga katika mabonde yanayobaki na unyevu mafuriko yakishuka. Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, maghala yao yakawa windo la kila mwenye bunduki. Walikimbilia kambi za Dadaab, nchini Kenya. Wengine walikuja moja kwa moja Tanga, kwa watu waliowahesabu kuwa ndugu, na Tanzania ikawapa ardhi ya kulima huko Chogo, wilayani Handeni. Wengi wao baadaye walipata uraia. Mwaka 1999 Marekani ilikubali kuwapokea takriban 12,000 wa waliokuwa Kenya. Walihamishiwa kwanza kambi ya Kakuma, na kuanzia 2003 wakaanza kusambazwa katika miji kadhaa ya nchi hiyo.

Mmoja wa miji waliyojichagulia wenyewe baada ya kupangiwa kwingine ni Lewiston, katika jimbo la Maine. Ni mji wa viwanda vya nguo vilivyokuwa vimekwisha kufa, ambao zamani ulijengwa kwa nguvu za wahamiaji wa Kifaransa kutoka Kanada. Wasomali wengine walikuwa wametangulia kufika, na mwaka 2002 meya alikuwa ameandika barua ya wazi kuwaomba wapunguze kasi ya kuja, barua iliyozua kelele nchi nzima. Mwanaanthropolojia Catherine Besteman, aliyewahi kuishi katika kijiji cha bonde la Juba mwishoni mwa miaka ya 1980, alikutana huko Maine na watu wa kijiji kilekile. Kitabu chake cha mwaka 2016, Making Refuge, kinaeleza safari hiyo kwa undani.

Sasa mtu wa Juba afanye nini na udongo wa Maine? Jalidi, yaani umande unaoganda usiku na kuunguza majani, inaweza kupiga hadi katikati ya Mei au hata baadaye, na hurudi mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Mkulima ana miezi minne na ushei. Muhogo hauna nafasi ya kukomaa, na kisamvu kitaendelea kununuliwa dukani kikiwa kimegandishwa kwenye mifuko. Nyanya chungu na bamia hutaka miche iliyooteshwa ndani ya kitalu cha nailoni wakati theluji bado iko nje. Kuna pia mitego isiyoonekana kwa macho. Rozela, ile choya ambayo Wakongo hupika majani yake machachu kwa jina la ngaingai, husubiri mchana uwe mfupi ndipo itoe maua. Kaskazini ya mbali, mchana unapofupika vya kutosha, jalidi nayo iko mlangoni. Anayelima choya kwa ajili ya juisi atarudi mikono mitupu, ila anayeilima kwa ajili ya mboga atavuna majani kiangazi kizima.

Elimu ya namna hiyo mgeni anaihitaji kweli, na hapa wenyeji wana kitu cha kutoa: tarehe za jalidi, jinsi ya kufunika matuta, lini upandikize. Lakini ni elimu ya mahali, ya kujifunza kwa misimu miwili au mitatu. Si elimu ya kilimo. Waandaaji wa programu wanaochanganya mambo haya mawili huishia kumfundisha mwanamke aliyelima miaka thelathini namna ya kushika jembe, kisha wanashangaa kwa nini hakurudi wiki ya pili.

Elimu husafiri pia upande wa pili, mara nyingi bila mkalimani. Karibu na Atlanta, ambako Warundi na watu wa Myanmar wamelima chini ya mpango mmoja wa mashamba ya wakimbizi, choya ni mboga ya pande zote mbili. Mrundi na Mkongo wanaipika, na Mburma anaipika. Mpishi wa Bujumbura na mpishi wa Yangon hawana lugha ya pamoja, lakini wote wanajua jani hilo lichumwe likiwa changa. Majani ya maboga ni vivyo hivyo. Mwenyeji akiona mtu anachuma majani anadhani mmea unaharibiwa, hadi aonjeshwe. Sifa ya mkulima mgeni hujengeka hapo, pale jirani anapoanza kumuuliza yeye.

Ujerumani inatoa mfano wa kulinganisha. Vyama vya bustani ndogo vya nchi hiyo ni vya zamani. Huko Leipzig, mwalimu mkuu Ernst Innozenz Hauschild alianzisha chama mwaka 1864 kwa kumbukumbu ya daktari Moritz Schreber, kwanza kwa ajili ya uwanja wa michezo ya watoto. Vitalu vya watoto vilivyopandwa pembezoni vilichukuliwa na wazazi, na jina la Schreber likabaki katika bustani ambazo daktari mwenyewe hakuwahi kuziona. Leo bustani za aina hiyo ni takriban 900,000. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1983 inaweka ukubwa usizidi mita za mraba 400 na kibanda kisichozidi mita za mraba 24. Mwaka 2004 Mahakama Kuu ya Shirikisho ilifafanua kwamba, kwa kawaida, walau theluthi moja ya eneo itumike kwa matunda na mboga. Juu ya hapo kila chama huwa na kanuni zake kuhusu urefu wa ua na saa za utulivu mchana.

Ni rahisi kuzicheka kanuni hizo. Hata hivyo kwa mgeni kanuni iliyoandikwa ina fadhila yake: inasomeka, inatafsirika, na inaweza kupingwa mkutanoni. Kanuni ya theluthi moja, kwa mfano, humfaa zaidi mhamiaji anayetaka viazi na maharage kuliko mwenyeji anayetaka nyasi na kiti cha kuotea jua. Kinachomnasa mgeni ni yasiyoandikwa: nani anasalimiwa kwanza, nani anashika ufunguo wa stoo, na lundo la mboji ni la nani.

Göttingen walikwenda njia nyingine. Katikati ya miaka ya 1990, wanawake wakimbizi kutoka Bosnia waliulizwa wanakosa nini zaidi ugenini, na walijibu kwamba wanakosa bustani zao. Mwaka 1996 zikaanza bustani za kimataifa, kwa mchango mkubwa wa Tassew Shimeles, mhandisi wa kilimo mwenye asili ya Ethiopia, na miaka miwili baadaye chama kikasajiliwa. Mwanasosholojia Christa Müller aliandika kitabu juu yao mwaka 2002, na mfano huo ukaenea nchini. Jambo la kuzingatia si wingi wa bustani zilizofuata. Ni mpangilio: wakimbizi hawakupewa nafasi kwenye kiti cha nyuma cha chama cha wengine, bali kanuni za kwanza ziliandikwa nao wakiwa mezani.

Lipo pingamizi lenye uzito. Chama kinachoanzishwa na wageni, au shamba la jamii moja kama lile la Wabantu wa Somalia, si litawatenga na wenyeji? Hofu hiyo inastahili jibu, lakini waulizaji wengi huisahau wanapotazama vyama vya wenyeji watupu. Katika Maine, chama cha jamii hiyo kiliendesha mradi wa Liberation Farms kwa utaratibu uitwao iskashito, ambapo wakulima wachache huunganisha nguvu, hulima zao la kuuza kwa pamoja na kugawana mapato, huku kila familia ikiwa na kipande chake cha chakula. Mahindi yao magumu ya kusaga yamepata wanunuzi wasiojua hata Mto Juba uko wapi. Wamewafikia wenyeji kupitia soko, wakiwa na bei mkononi, na huo ni uhusiano wenye heshima zaidi kuliko kualikwa kwenye sherehe ya mavuno ili wapigwe picha.

Yote hayo hujengwa juu ya ardhi. San Diego, katika mtaa wa City Heights, shamba la New Roots lenye ekari zipatazo 2.3 lilianza kwa msukumo wa Wabantu wa Somalia kwa kushirikiana na shirika la International Rescue Committee. Kabla ya jembe la kwanza, vibali vilimeza muda mrefu na zaidi ya dola 40,000, kwa sababu kanuni za jiji zilifanya bustani ya pamoja kuwa jambo zito kuliko ilivyo kweli. Shamba lilifunguliwa 2009, Michelle Obama akalitembelea mwaka uliofuata, na mwaka 2011 jiji likalegeza kanuni. Wageni hao, ambao wengine walikuwa bado wanajifunza Kiingereza, waliwarahisishia njia wakazi wote wa San Diego wanaotaka bustani.

Los Angeles ni kinyume chake. South Central Farm, ekari 14 zilizolimwa tangu 1994 na familia zipatazo 350, wengi wahamiaji kutoka Meksiko na Amerika ya Kati, ilikuwa na kila kinachosifiwa katika ripoti. Ilikuwa na mazao ya nyumbani, miti ya matunda na uongozi wa wakulima wenyewe. Kilichokosekana ni hati. Ardhi iliuzwa, fedha za kuikomboa hazikutosha wala hazikukubaliwa kwa wakati, na Juni 2006 polisi waliwaondoa watu na matingatinga yakaingia.

Ndiyo maana hatua iliyochukuliwa Maine mwaka 2020 ina uzito kuliko wasemavyo wengi. Ekari 107 katika mji mdogo wa Wales zilinunuliwa kupitia amana ya ardhi ili Wabantu wa Somalia wazitumie kwa ukodishaji wa miongo mingi. Mkulima mwenye muda huo anaweza kuchimba kisima, kurutubisha udongo kwa samadi ambayo faida yake haionekani mwaka wa kwanza, na kubishana na jirani kuhusu mchicha bila kuhofia kwamba ubishi utamgharimu kiwanja.

Kuanzia katikati ya muongo wa 2010 hadi 2024, Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokewa Marekani, na wengi wao wanatoka mashariki, kwenye Kiswahili. Wanalima lengalenga, yaani mchicha, katika vipande vya manispaa, makanisa na shule. Mara nyingi ni kwa ruhusa ya msimu mmoja, inayoombwa upya kila majira ya kuchipua. Mtafiti atakayetaka kujua kama wamepata nafasi asiishie kuhesabu mahudhurio wala kukusanya ushuhuda wa furaha. Aombe kuona mkataba, asome tarehe ya mwisho, kisha aulize nani aliyeandika orodha ya magugu.