Toka Lovanium Mupaka Beni: Namna Wachunguzi wa Magonjwa Walivyolelewa katika Inchi Yetu

Katika miaka 2018 na 2019 sisi tulikuwa bado mafratri. Kwenye milango ya makanisa ya Beni na Butembo waliweka ndoo za maji ya dawa juu ya kunawa mikono, na katika Misa watu hawakupeana tena mukono wa amani. Siku moja katekista mumoja muzee alituita pembeni, akatuuliza: «Fratri, watu wanasema Ebola ni biashara. Feza nyingi namna hii inaletwa kwetu. Inalipa nani? Na wageni wakiisha kurudi kwao, sisi tunabaki na nini?»

Tulimujibu vibaya. Tulimwambia asali, awasikilize wanganga, asifuate maneno ya soko. Muzee akanyamaza kwa heshima, lakini tuliona kama hakushiba. Swali lake lilikuwa swali la haki. Leo tunataka kumujibu vizuri zaidi, kwa njia ya historia. Maana wasomaji wetu, mapadri na wakatekista, watasikia swali lile lile siku ugonjwa mwingine utakapofika.

I. Mbegu ya Kisantu na ya Katana

Lovanium ni jina la kilatini la muji wa Louvain, kule Ubelgiji, penye universite ya Kikatoliki iliyowekwa tangu mwaka 1425. Mwaka 1926 waalimu wa unganga wa universite ile walianzisha shirika lililoitwa FOMULAC, kusudi wafungue lopitali katika Kongo. Walianza Kisantu, karibu na Mapadri Wajezuiti. Kisha wakafika kwetu Kivu, wakajenga lopitali ya Katana, ambayo watu wanaiita Fomulac hata leo. Pale Kisantu walifundisha vijana kutunza wagonjwa, na katika miaka ya 1930 wakaanza kulea wasaidizi wa wanganga, wana-Kongo wenye masomo marefu kidogo.

Tusizarau kazi ile. Lakini tuone vilevile lililokosekana. Wasaidizi wale walijua kutambua malale katika damu, walijua kupiga shindano, walibaki peke yao na wagonjwa mamia katika vijiji vya mbali. Hata hivi kanuni ya ukoloni haikuwapa diploma ya munganga kamili. Walifanya kazi ya uchunguzi, na kwa kawaida jina lililoandikwa chini ya uchunguzi lilikuwa jina la mwingine.

Karibu na Katana, pale Lwiro, kulijengwa nyumba kubwa za IRSAC, chama cha uchunguzi kilichoundwa mwaka 1947. Wachunguzi wa Lwiro, pamoja na wale wa universite ya Bruxelles, walijifunza ugonjwa wa rovu, ndio kuvimba shingo, katika kisiwa cha Idjwi. Waliona kwamba chakula cha watu wa kisiwa kilikosa iodi, na kwamba muhogo usiotayarishwa vizuri ulizidisha ubaya. Wakapiga watu shindano za mafuta yenye iodi, na shingo nyingi zikapunguka. Ndipo tunaona uchunguzi ni kitu gani: kutafuta sababu kwa uvumilivu, kisha kurudi kwa mugonjwa na dawa.

II. Universite juu ya kilima

Mwezi wa kumi 1954 Universite ya Lovanium ilifungua milango yake juu ya kilima cha Kimwenza, karibu na Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Rektori wake alikuwa Monsinyori Luc Gillon, padri na mutaalamu wa fizika. Alitafuta feza kila pahali. Serikali ya Ubelgiji ilitoa sehemu kubwa. Mashirika ya Marekani yanayoitwa Ford na Rockefeller yaliongeza. Mwaka 1959 akaweka pale mashini ya nguvu ya atomu, iliyokuwa ya kwanza katika Afrika.

Watu wengine waliuliza: mashini kama ile ni ya nini katika inchi isiyo na wanganga wake? Swali hili nalo lilikuwa na maana. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, lopitali za inchi hazikuwa na daktari mwana-Kongo. Wanganga wazungu wengi wakaondoka kwa haraka. Basi Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS, likatoa bursa kwa wasaidizi wa wanganga waende Ufaransa kumaliza masomo. Watu waliozuiliwa na kanuni muda wa miaka mingi wakaonyesha katika muda mufupi kwamba akili haikukosekana. Kilichokosekana kilikuwa mulango.

Lovanium nayo ikaendelea kulea wanganga wake. Mwaka 1967 Monsinyori Tharcisse Tshibangu akawa rektori wa kwanza mwana-Kongo. Lakini miaka ile haikuwa ya amani. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi walitembea katika njia za Kinshasa kudai haki zao, na askari wakawapiga risasi, wengi walikufa. Mwaka 1971 Serikali ikatwaa universite zote, ikaziunganisha kuwa moja, mupaka mwaka 1981 zilipoachana tena. Tangu wakati ule kilima cha Lovanium kinaitwa Universite ya Kinshasa.

III. Miaka kumi na mumoja ya mutu mumoja

Katika wanafunzi wa Lovanium alikuwamo kijana wa upande wa Bandundu, Jean-Jacques Muyembe, aliyezaliwa mwaka 1942 na kusoma kwa Wajezuiti. Aliingia katika masomo ya unganga mwaka 1962, akayamaliza mwaka 1969. Kisha akaenda Louvain kujifunza virusi, vile vijidudu vidogo kupita mikrobe zote, akapata udoktori wake mwaka 1973.

Tuhesabu pamoja: toka 1962 mupaka 1973 ni miaka kumi na mumoja. Sisi tuliopita seminari ndogo na kubwa tunajua kwamba mutu hatengenezwi kwa siku mbili. Kila mwaka ule kuna mutu aliyelipa chakula, vitabu, mwalimu na kitanda. Tena aliporudi Kinshasa hakukuta laboratwari ya kufaa kazi aliyojifunza. Wengi wamevunjika moyo pale. Yeye alibaki, akafundisha, akatoka kwenda kutafuta magonjwa pale yalipo.

Mwezi wa tisa 1976 habari zilitoka Yambuku, misioni ya masista wa Ubelgiji katika jimbo la Ekwateri: watu wanakufa kwa homa isiyojulikana. Muyembe alitumwa kuangalia. Alichukua damu ya wagonjwa bila mifuko ya mikono, kwa sababu haikuwako; alisimulia nyuma namna damu ilivyoendelea kutoka palipopita shindano, na namna alivyonawa kwa sabuni tu. Alirudi Kinshasa na sista mumoja mwenye homa, na damu ya sista huyu ikapelekwa Antwerp. Katika damu ile wachunguzi wa inje waliona virusi vipya, vikapewa jina la muto Ebola.

Watu 318 walishikwa, 280 wakafa. Katika wafanya kazi 17 wa lopitali ya Yambuku, 11 walikufa. Na ukweli tuuseme: kila asubui wagonjwa wa inje walipewa shindano kwa sindano tano tu, zilizotumiwa tena na tena bila kuchemshwa vizuri. Upendo wa masista ulikuwa mukubwa. Lakini upendo bila masomo na bila vyombo ulieneza ugonjwa.

Hapa tuone jambo moja. Feza iliyolea kijana katika mwaka 1962 ilifanya kazi mwaka 1976, mbele ya ugonjwa ambao hakuna aliyeujua wakati feza ile ilipotolewa. Mwenye kungoja ugonjwa ufike ndipo alee muchunguzi, amechelewa miaka kumi na mumoja.

IV. Mikutano, nyumba, na uharibifu

Kuna wanaozarau mikutano ya wataalamu: safari za ndege, hoteli na maneno. Lakini mwezi wa kumi na mbili 1977 wataalamu wa Ebola walikutana Antwerp, wakaweka pamoja kila walichoona Yambuku na katika Sudani: siku ngapi ugonjwa unajificha, unapita njia gani, mugonjwa atengwe namna gani. Maarifa yale yalichapwa. Bila mukutano na bila kitabu, kila mutu angebaki na yake, na kifo kingeyazika pamoja naye.

Mwaka 1984 mambo matatu yalianza Kinshasa. Kwa musaada wa Ufaransa ilijengwa INRB, nyumba ya inchi ya uchunguzi wa magonjwa. Kwa musaada wa Marekani na wa universite ya Tulane, Universite ya Kinshasa ikapata masomo ya juu ya afya ya watu wote. Tena katika lopitali ya Mama Yemo ikaanza kazi kubwa ya kuchunguza Sida, kwa feza ya Marekani na kwa wataalamu wa Antwerp pia. Wana-Kongo wengi walijifunza pale. Lakini mwaka 1991 askari na watu walipora muji, wageni wakaondoka, na kazi ile ikaisha. Mezali ya wazee inasema: mwenye kutegemea cha ndugu hufa masikini. Yaliyobaki ni waliofundishwa, wao hawakuporwa.

Mwaka 1995 Ebola ikarudi, Kikwit. Watu 315 walishikwa, na katika kila kumi karibu wanane walikufa. Masista sita wa Bergamo walikufa kwa kutunza wagonjwa, mumoja nyuma ya mwingine. Muyembe na wenzake walifanya jambo ambalo wengi waliogopa: walitwaa damu ya waliopona, wakaitia katika wagonjwa wanane. Saba walipona. Wataalamu wengine walisema hesabu ni ndogo, na kwamba labda wangepona bila damu ile. Neno lao lilikuwa la haki. Ilihitaji uchunguzi mukubwa zaidi.

V. Beni

Mutu mumoja aliyepona Kikwit alitoa damu yake tena mwaka 2006, miaka kumi na mumoja nyuma. Wachunguzi wa Marekani na wa Uswisi, pamoja na INRB, walitafuta ndani yake nguvu iliyoshinda Ebola, wakafanya dawa.

Tarehe 20 Novemba 1918 si mwaka wetu. Ni tarehe hiyo ya mwaka 2018 uchunguzi wa dawa ine ulipoanza katika lopitali za Ebola za Beni, Butembo, Katwa na Mangina, katikati ya vita na ya maneno mabaya. Wagonjwa 681 waliingia. Mwezi wa nane 2019 jibu lilionekana: kati ya waliopewa dawa ya damu ya Kikwit, 35 kwa mia walikufa, kati ya waliopewa dawa ya zamani zaidi, karibu 50 kwa mia. Dawa nyingine moja ya aina ile ilifanya vizuri vilevile. Na kwa wale waliofika mapema, virusi vikiwa bado vichache, mumoja tu katika kumi alikufa. Vijana wa INRB walisoma pia namna ya virusi pale pale Katwa, wakajua nani aliambukizwa na nani. Ugonjwa ulipoisha, Juni 2020, watu 2287 walikuwa wamekufa. Wangekuwa wengi zaidi.

Mwaka 2019 Japani ilimupa Profesa Muyembe tuzo ya Noguchi, yeni milioni mia moja. Na mwezi wa pili 2020 INRB ikafungua nyumba mpya iliyojengwa kwa musaada wa Japani. Naye alisema wazi kwamba damu ya wagonjwa wa Kongo haitapelekwa tena kupimwa inje kama zamani; itapimwa Kongo.

VI. Jibu kwa katekista

Basi muzee wetu, hili ndilo jibu letu. Feza ya Ebola ililipa magari na mishahara mingi, na wengine waliila vibaya; hatuwezi kukana. Lakini ililipa vilevile uchunguzi ulioleta dawa, na watoto wa inchi walishika uchunguzi ule kwa mikono yao.

Umeuliza: tunabaki na nini? Tunabaki na watu waliofundishwa na laboratwari. Dawa yenyewe hatuna mamlaka juu yake: haki ya kuitengeneza ilipewa kampuni ya Marekani, ingawa nguvu yake ilitoka katika damu ya mutu wa Kikwit. Umeona sawa kwamba pale kuna neno lisilonyooka. Litanyooka siku inchi yenyewe itakapolipa wachunguzi wake, maana mwenye kulipa ndiye anayekaa penye meza wakati wa kugawanya.

Kwetu mapadri na mafratri, kazi si ya mbali. Universite Katoliki ya Bukavu, iliyofunguliwa mwaka 1989, ina masomo ya unganga. Na universite nyingine nazo zinapokea watoto wa parokia zetu. Parokia inayokusanya feza kwa seminaristi mumoja inaweza kukusanya pia kwa binti mumoja anayependa hesabu na mikroskopi. Na tukiulizwa habari za feza na za dawa, tusikimbilie kusema «sali tu», kama tulivyofanya. Tujifunze kwanza, kisha tujibu ukweli wote, hata ule unaotuaibisha. Muzee yule alistahili jibu hili tangu siku ile ya ndoo za maji.