Kesi za Madai Machakos: Kutoka kwa Wazee hadi kwa Mawakili

Kabla ya Waingereza kuweka ngome yao Machakos mwishoni mwa karne ya 19, madai ya ng'ombe, mahari na mipaka ya mashamba miongoni mwa Wakamba yalisikilizwa na nzama, yaani baraza la wazee, ambalo lilipokosa ushahidi wa kutosha liliwaapisha wadaawa kwa kithitu, chombo cha kiapo kilichoaminika kumuua mwapaji wa uongo pamoja na jamaa zake. Serikali ya kikoloni haikukifuta kabisa kiapo hicho, bali ilikiacha kiingie katika mabaraza ambayo sheria ya mwaka 1930 iliyapa muundo mpya na ile ya mwaka 1951 ikayageuza kuwa mahakama za Waafrika. Humo, jambo la kushangaza kwa msomaji wa leo, mawakili hawakuruhusiwa kumwakilisha mtu, hivyo mkulima alijisemea mwenyewe mbele ya wazee ambao huenda waliijua hata nasaba yake. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1967 ilipoziondoa mahakama hizo, kesi za madai ziliingia katika mfumo mmoja wa kitaifa, wenye hati za madai, ada na rufaa hadi Mahakama Kuu, na mlango ukafunguka kwa wakili.