Either/Or (albamu)

Albamu ya tatu ya Elliott Smith, mwanamuziki wa Marekani, iliyotolewa 1997 na kampuni ya Kill Rock Stars. Jina lake limetokana na kitabu cha mwanafalsafa Søren Kierkegaard. Smith alirekodi sauti yake mara mbili na kuzilaza pamoja juu ya gitaa kavu, hata mnong'ono wake ukamfikia msikilizaji kama wa mtu aliyeketi ubavuni pake. Hapo ndipo penzi la wasikilizaji lilipoota mizizi: huzuni ya nyimbo hizi haipigi kelele wala haiombi kuhurumiwa. Filamu ya Good Will Hunting, iliyotumia baadhi ya nyimbo zake, iliisambaza albamu hii zaidi. Smith alipofariki 2003, mashabiki waliweka maua na kuandika buriani kwenye ukuta wa Sunset Boulevard, Los Angeles, unaoonekana katika jalada la albamu yake Figure 8.